Tarti ya flani bila furu: kwa nini mayai yanakatika, na namna ya kuipika kwa makala

Mayai matatu, nusu lita ya maziwa, sukari, unga ya ngano, margarini. Kwa jamaa nyingi za Goma, Bukavu ao Butembo, hivyo si vitu vya kutupa. Ile njo sababu wengi wanaogopa kujaribu flani nyumbani. Keki ikiharibika kidogo unaweza kuila na chai, lakini flani ikikatika unabaki na maji ya sukari na vipande vya mayai sawa omeleti. Mimi mwenyewe ya kwanza niliimwaga. Hata watoto walikataa.

Kosa langu lilikuwa moto. Yai likipata joto, protini zake zinashikana na kufunga maziwa ndani, sawa wavu. Kazi hiyo inafanyika karibu na digri 80. Ukizidisha, hata mbele ya maji kufika kuchemka, ule wavu unakaza sana na kukamua maji nje. Njo tunasema "imekatika". Kwa hiyo flani haitaki moto wa kupikia bugali.

Wengi hatuna furu, na mwenye nayo anangojea umeme. Chukua sufuria kubwa, nzito, yenye kifuniko. Weka ndani mawe matatu madogo ya urefu mmoja (kwa watu wa Goma, mawe ya volkano hayakosekani), na sahani ya tarti ikae juu yake. Mawe yawe makavu, juu jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka kwa moto. Makala mengine yanakaa juu ya kifuniko: ukiweka sehemu moja chini, weka mbili juu. Na mbabula ibaki nje. Najua baridi ya Lubero, lakini makala yanatoa gazi isiyo na harufu, na ndani ya nyumba iliyofungwa inaua watu wakiwa wamelala.

Tuanze na ganda. Gramu 250 za unga, gramu 125 za margarini, chumvi kidogo. Sugua kwa ncha za vidole mpaka ikuwe sawa mchanga, kisha ongeza vijiko vitatu ao vine vya maji baridi. Usiikande sawa mkate. Mkate unataka kuvutika, hii inataka kuvunjika mdomoni. Iache ipumzike nusu saa mahali pa baridi, itandaze kwa chupa, ilaze ndani ya sahani na uitoboe kwa kanya.

Sasa kuna hatua moja ambayo wanaoanza wanairuka: kupika ganda peke yake kwanza. Weka karatasi juu yake na maharagi makavu ili lisivimbe, lipike dakika 15 hivi na moto mzuri, ondoa maharagi, kisha lirudishe mpaka likauke. Mara moja paka ute kidogo wa yai. Ule ute unaziba vitundu. Bila hivyo maziwa yanaingia ndani ya unga na chini inabaki mbichi, hata juu ikionekana nzuri. Maharagi yale usiyapeleke tena chunguni, yachunge kwa tarti ingine.

Maziwa ya ng'ombe yanayouzwa kwa bidoni lazima yachemke vizuri, juu yanaweza kubeba bruseloze na kifua kikuu. Yaache yapoe kidogo. Mayai, vunja kila moja ndani ya kikombe pembeni. Mama mmoja muuzaji wa soko aliniambia: "Yai moja ya kuoza inakulisha hasara ya yote." Piga mayai na gramu 100 za sukari bila kutoa povu, mwanga maziwa polepole huku unakoroga, chuja, tia ngozi ya limau iliyokunwa ao vanila.

Mbele ya kurudisha sahani, punguza makala na funika yaliyobaki kwa majivu. Anza kuangalia nyuma ya dakika 30. Tikisa sahani kidogo: pembeni iwe imeshika, katikati itetemeke bado. Hapo toa! Usingoje katikati ikauke. Joto lililobaki litaimaliza. Ikate ikiisha kupoa kabisa, angalau saa moja, bila hivyo itakutiririkia.

Anayetaka kuuza afazali atumie maizena, sawa Wafaransa katika flani ya patisri yao. Vijiko vinne vinakorogwa na mayai na sukari, unaongeza maziwa, na wote unarudi kwa moto unakoroga bila kuacha mpaka ichemke kidogo na kuwa nzito, kisha unamwanga ndani ya ganda na kuoka. Maizena inazuia mayai kukatika haraka, na vipande vinasimama vizuri mkononi. Lakini haizuii mikrobe. Maziwa na mayai bila frigo, saa mbili njo mwisho, na jua likiwa kali ni pungufu. Flani iliyopikwa jana jioni, ikalala mezani na kupelekwa asubuhi mbele ya masomo, inaweza kuharisha watoto wa darasa nzima. Kama huna frigo, pika ndogo, asubuhi, kwa hesabu ya watu walioisha kuagiza.