Jinsi ya Kumfundisha Mtu Kusoma na Kuendeleza Maneno



Yuko mtoto aonekanaye karibu katika kila darasa la kwanza na la pili. Akiitwa mbele, husimama wima, hushika kitabu chake, na kuusoma ukurasa wote pasipo kusita hata mara moja. Mzazi wake hufurahi. Lakini kifunike kitabu kwa kiganja cha mkono, naye ataendelea kusoma vile vile. Au liandike neno moja la ukurasa ule peke yake ubaoni, naye atanyamaza kimya. Mtoto huyu hajui kusoma. Ana masikio mema na kumbukumbu njema, basi. Na kwa kuwa kumbukumbu yake yampendeza mwalimu, yaweza kupita miaka miwili au mitatu kabla hajatambulikana. Hapo wenzake wamekwisha kumpita, naye ameanza kuitwa mzito, na kuona haya, na mwisho kutoroka shule.

Maradhi haya yana dawa, nayo ni ya zamani: kumfundisha mtu sauti za herufi, na jinsi ya kuziunganisha, kabla ya kumtaka asome maneno mazima.

Sisi tusemao Kiswahili tumepewa bahati kubwa katika kazi hii. Katika Kiingereza herufi nne, o, u, g na h, zikifuatana, husomwa kwa sauti zaidi ya tano, na msomaji hana budi kujua neno kwanza ndipo ajue sauti. Kwetu sivyo. Irabu zetu ni tano, na a ya Songea ndiyo a ya Unguja. Maandishi tunayotumia yalipatanishwa na Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoanza kazi mwaka 1930, nayo hufuata sauti karibu kila mahali. Mwaka 2003 wachunguzi waliolinganisha watoto wa nchi nyingi za Ulaya walitangaza ya kuwa watoto wa nchi kama Ufini, ambako maandishi hufuata sauti, huweza kusoma maneno mepesi sawasawa kabla ya kwisha mwaka wa kwanza wa shule. Bali watoto wa Kiingereza huhitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kwa jambo hili Kiswahili ni ndugu wa Kifini.

Mbona basi watoto wetu hukwama? Sababu moja ni kwamba twawafundisha majina ya herufi mahali pa sauti zake. Mwalimu aonyesha b na a, asema, “Be, a: yasomwaje?” Mtoto mwenye akili hujibu, “Bea.” Hakukosa, amejibu alichoulizwa. Jina la herufi si sauti yake, kama vile jina la ngoma silo mlio wake. Na mtoto aliyeanza kwa majina ya Kiingereza ana mzigo mzito zaidi, maana akitaka kusoma “baba” husema “bi-ei-bi-ei”, asilione neno baba hata kidogo.

Yafaa kuanza na sauti zinazoweza kuvutwa mdomoni: m, s, n, l. Mwalimu avute “mmmmm” na kuiangukia a: “mmmma”. Mtoto husikia kwa masikio yake jinsi sauti mbili zinavyoshikana. Herufi kama k, t na b hazivutiki, kwa hiyo zifundishwe baadaye, tena ndani ya silabi: ka, ke, ki, ko, ku. Mara mtoto ajuapo silabi ishirini hivi, mwalimu amwandikie maneno yasiyo na maana yo yote, kama “lumasi”, “semola”, “nosilu”. Wazazi wengine hucheka wakiona hayo. Lakini maneno hayo hayawezi kukaririwa, kwa sababu hayakusikiwa popote; ayasomaye amesoma kweli.

Baada ya hapo hakuna kitabu bora kuliko majina ya nchi yetu wenyewe. Mkoa wa Ruvuma umejaa mafunzo. Aanze na Ma-da-ba, ambayo mtoto wa wiki ya tatu aweza kuisoma. Kisha Nya-sa, ambamo n na y hufanya sauti moja. Kisha So-nge-a, Mbi-nga na Tu-ndu-ru. Hapa mwalimu awe mwangalifu. Wako wanaogawa “Tun-du-ru”, kwa mfano wa lugha nyingine. Lakini silabi zetu aghalabu huishia kwa irabu, na n ile imeshikana na d iliyo mbele yake. Mtoto akiandika “Tuduru” si mvivu, ila hakuisikia n. Arudishwe kwenye sikio, asirudishwe kwenye fimbo.

Jina gumu kuliko yote ya wilaya ni Na-m-tu-mbo. Herufi m imo mara mbili, na kila mara ina kazi yake. Ya kwanza yasimama peke yake, ni silabi nzima, nawe waweza kuipigia kofi. Ya pili imeungana na b. Hali kadhalika katika mji wa Songea twaona M-fa-ra-nya-ki, ambamo m yasimama peke yake, na Bo-mba-mbi-li, ambamo haisimami. Kuna hata neno moja lenye maandishi mamoja na matamko mawili: mbuni, yule ndege mkubwa, ni silabi mbili, mbu-ni; lakini mbuni, mti wa kahawa ambao watu wa Mbinga waujua sana, ni silabi tatu, m-bu-ni. Maandishi yetu hayaonyeshi tofauti hiyo. Ni maana ya sentensi iionyeshayo.

Mwisho wa masomo haya mpelekeni mtoto kwenye kibao kilichoandikwa Ndilimalitembo, asome. Akitamka silabi zote sita pasipo kusaidiwa, hali hajapata kuliona neno hilo, kazi imefanyika. Ila msimpeleke siku ile ile katika kata ya Seed Farm, maana akifuata sauti kwa uaminifu atasema “se-e-d”, na kosa halitakuwa lake.

Kuendeleza maneno ni kazi nyingine, tena ni nzito kuliko kusoma. Wachunguzi Alcock na Ngorosho, walioyatazama makosa ya watoto waandikao Kiswahili, walionyesha mwaka 2003 ya kuwa hata lugha yenye maandishi ya kanuni si nyepesi kuiandika. Sababu yaeleweka: asomaye anazo herufi mbele ya macho, bali aandikaye ana sauti peke yake, nayo hutoka katika kinywa chake mwenyewe. Katika lugha nyingi za bara l na r hazitengani. Mtoto ataandika, “Baba amenunua karamu,” kumbe ni kalamu, na baba hana fedha za kulisha wageni. Vivyo hivyo thelathini huwa “selasini”, na dhahabu huwa “zahabu”. Lugha ya nyumbani si adui hapa. Kimatengo kina irabu saba, Kiswahili tano. Mtoto wa huko aja shuleni na ziada. Mwalimu na amwonyeshe ulimi wake mwenyewe: kwa l ncha yagusa ufizi na kutulia, kwa r yatetemeka, kwa th na dh yapita kati ya meno. Katika imla neno litamkwe polepole, lipigiwe makofi kwa silabi, liandikwe, kisha mwandishi alisome alichoandika kwa sauti. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, nalo husahihisha makosa mengi kuliko kalamu nyekundu.

Kwa aliyechelewa, fanyeni hayo hayo kwa uchache: silabi tatu au nne kwa siku, dakika kumi na tano, kila siku. Mchunguzeni kwanza kama asikia vema na kama aona ubao. Mtaala wa mwaka 2015 uliweka kusoma, kuandika na kuhesabu mbele katika madarasa mawili ya kwanza, na tangu mwaka 2016 mpango wa Tusome Pamoja, uliogharimiwa na Marekani, ulifanya kazi katika mkoa huu pamoja na Iringa, Morogoro, Mtwara na Zanzibar. Mpango ule umekwisha, lakini ubao na chaki vipo.

Na watu wazima? Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha ya kuwa watu wazima wapatao wawili katika kila watatu nchini hawakujua kusoma, na wengi walijifunza katika kampeni ya miaka ya 1970. Wako wazee waliobaki. Mzee asianzishwe na kitabu cha watoto, bali na jina lake: Ko-mba, au Ngo-nya-ni, kisha na maneno ya karatasi anayopewa auzapo mahindi: ki-lo, be-i, gu-ni-a. Neno stakabadhi lenyewe lina s na t zilizoshikana mwanzoni na dh mwishoni, kwa hiyo lingoje mpaka mwezi wa pili au wa tatu.