Chungu Hakijauzwa, Mshahara Utatoka Wapi?

Kama unapika na kuuza ajono Malaba, Amagoro au Busia, hii ni yako. Ng'ambo wanaiita malwa, lakini kazi ni ile ile. Unga wa wimbi unachanganywa na maji, unaachwa siku kadhaa uchachuke, unakaangwa, unaanikwa juani, kisha unatiwa kimea na maji. Kutoka unga hadi wateja washike mirija, wiki mbili zinaweza kuisha.

Na hapo ndipo unapopoteza watu. Anayekaanga anamaliza kazi leo, pesa ya chungu inaingia wiki ijayo. Unamwambia, "Mama, kuja tukiuza." Akija, mvua ilinyesha jioni, wateja hawakuja, anapewa nusu. Mara ya tatu utamsikia yuko ng'ambo, anakaangia mwingine. Mpakani mtu hakosi kibarua. Wa kuongeza maji ya moto kwenye chungu utampata kesho, lakini mkaangaji mzuri akienda, ladha inaenda naye, na wateja watajua siku hiyo hiyo.

Dawa ni moja: pesa ya kukaanga itoke kwa chungu kilichopita. Tuseme mkaangaji unamlipa 800 na mhudumu 400. Chungu kikiuzwa, kabla hujanunua wimbi, hamisha 1,200 kwenye akiba ya simu, usiiguse. Kazi ya chungu kijacho ikiisha, wanatumiwa saa hiyo hiyo, mvua inyeshe isinyeshe. Chungu cha kwanza ndicho kigumu, maana pesa hiyo utaitoa mfukoni.

Mtumie kwa laini yake mwenyewe. Si ya bwana yake, si ya kaka yake, hata akisema ni sawa. Soma jina kabla ya kuweka namba ya siri. Tuma na ya kutoa, la sivyo ile 800 mliyoelewana haitafika 800 mkononi. Kama laini yake ni ya Uganda, ulizeni kwanza ada ya kuvusha pesa na mkubaliane nani anailipa. Kulipa mara moja kwa wiki kunapunguza ada, lakini muulize yeye. Asiye na unga nyumbani hawezi kungoja Jumamosi.

Halafu kuna zile "shoti". Pesa ikipungua jioni, mhudumu anakatwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Ni ruhusa kubwa mno kwa maoni yetu. Ukimkata hata nusu, hatarudi. Afadhali wateja walipe kwa till, na mhudumu aangalie meseji inayoingia kwenye simu ya biashara, si ile anayoonyeshwa na mteja. Meseji feki ni nyingi. Namba yako ya siri usimpe; uliza kama till yako inaweza kuongezwa namba ya msaidizi.

Sheria hiyo hiyo inasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, si kibarua wa siku tena. Anahesabiwa wa mshahara wa mwezi, na anastahili siku moja ya kupumzika kila wiki. Meseji zako za malipo zitaonyesha alianza lini. Wengine wanaogopa rekodi hiyo. Lakini pia ndiyo itakayokutetea wewe mtu akidai hukumlipa, na yeye anaweza kuionyesha chama chake akiomba mkopo.