Ndege ya vita iliyovalishwa shanga: kwa nini, na ni mikono ya nani?

Tulipoitaja habari hii kwa dakika mbili tu katika kipindi cha asubuhi, simu hazikukatika. Wasikilizaji wengine walidhani tunatania. Mmoja kutoka upande wa Kyaka alituuliza swali ambalo ndilo limetufanya tukae chini na kuandika: "Nyie watangazaji, ndege ile ya kutupa mabomu, mtu anaivalishaje shanga kama bibi harusi? Na kwa faida gani?" Mzee mwingine, yeye hakuuliza. Alisema tu kwamba mwaka 1978 alikuwa mtoto wa darasa la tatu, na mpaka leo ndege ikipita chini chini huwa anaangalia migombani kwanza, ajue pa kukimbilia.

Basi tuanze na ndege yenyewe.

MiG-21 ni ndege ya kivita iliyobuniwa katika Umoja wa Kisovieti, ule muungano ulioongozwa na Urusi, katika miaka ya 1950. Ina pua iliyochongoka na mabawa mafupi yenye umbo la pembetatu. Urefu wake ni kama mita 15, yaani inalizidi basi kubwa la abiria, lakini ndani anakaa mtu mmoja tu. Mwendo wake unapita kilomita 2,000 kwa saa. Meli inatuchukua Bukoba jioni na kutushusha Mwanza asubuhi. Kwa kasi hiyo MiG-21 ingefika kabla chai haijapoa. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000, na hakuna ndege nyingine yenye kasi inayoizidi sauti iliyowahi kutengenezwa kwa wingi kiasi hicho. Ilikuwa rahisi kuliko ndege za Magharibi na haikuwa ngumu kuitunza, kwa hiyo ilisambaa kila mahali: Vietnam, Misri, India, Cuba, Angola. Uganda ya Idi Amin ilikuwa nazo. Tanzania pia ilikuwa nazo. Ndiyo maana katika mkoa kama wetu, uliopigwa mabomu kutoka angani Oktoba 1978, herufi hizo tatu hazihitaji kufafanuliwa sana kwa mtu mwenye umri wa kutosha.

Sasa, ndege tunayoizungumzia haikupigana huku kwetu. Ipo Marekani. Aliyeinunua ni msanii anayeitwa Ralph Ziman, mzaliwa wa Johannesburg, Afrika Kusini, anayeishi Los Angeles. Watu wa sinema huenda wanamfahamu kwa filamu ya Jerusalema ya mwaka 2008, iliyohusu majambazi wa Johannesburg, ambayo yeye ndiye aliyeiongoza. Alizaliwa mwaka 1963, mtoto wa Kizungu chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Zama hizo kila kijana wa kiume wa Kizungu alilazimika kwenda jeshini, na wengi walipelekwa mpakani mwa Namibia na Angola. Vita ya huko ilianza mwaka 1966 na kuisha 1989. Upande mmoja kulikuwa na jeshi la Afrika Kusini. Upande wa pili kulikuwa na wapigania uhuru wa Namibia, jeshi la Angola na wanajeshi wa Cuba. Silaha za upande huo wa pili zilitoka kwa Wasovieti, na miongoni mwake ilikuwa MiG-21. Kwa hiyo kwa Wazungu wa Afrika Kusini wa kizazi chake, MiG lilikuwa jina la adui wa angani.

Lakini Ziman hakuanzia kwenye ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 alianza na bunduki. Kama umewahi kufika Johannesburg utakuwa umewaona vijana wa Zimbabwe wanaouza wanyama wa waya na shanga kwenye mataa ya barabarani: twiga, kenge, redio ndogo. Ziman aliwaomba watu wa kazi hiyo wamtengenezee bunduki za AK-47 kwa waya na shanga, kisha akawapiga picha wakiwa wamezishika. Baada ya hapo akanunua Casspir. Hili ni gari la deraya ambalo tumbo lake lina umbo la V ili bomu la ardhini likilipuka nguvu yake itawanyike pembeni. Lilitengenezwa kwa ajili ya vita vya mpakani, lakini katika miaka ya 1980 polisi waliliingiza katika vitongoji vya Waafrika, na huko halikuwa na bomu la ardhini la kukwepa. Lilikuwa linakabili wanafunzi na akina mama. Hilo gari lilifunikwa lote kwa shanga, zinazokadiriwa kufika milioni 70, likaonyeshwa Cape Town kabla ya kusafiri nje. Ndege ndiyo ya tatu na ya mwisho katika mfululizo huo. Kazi yake ilianza mwaka 2019 na kuchukua zaidi ya miaka mitano.

Shanga za ndege zinatajwa kuwa takriban milioni 35. Namba kama hii inapita sikioni bila kuacha kitu, kwa hiyo tulichukua kikokotoo. Mtu akitunga ushanga mmoja kila sekunde, saa nane kwa siku, bila Jumapili, bila kuugua, bila kwenda msibani, angehitaji zaidi ya miaka mitatu kumaliza. Na hakuna anayetunga ushanga mmoja kila sekunde kwa kufuata nakshi. Muulize dada yeyote anayeshona shanga za Kimasai mnadani: rangi moja ikikosewa, unafumua mstari mzima.

Shanga hizo hazikubandikwa moja moja kwenye bati. Zilitungwa kwanza Afrika Kusini zikawa kama mikeka, kila mkeka na sehemu yake, kisha zikavalishwa ndege kipande kwa kipande. Walioifanya kazi hiyo wanazidi watu mia moja. Wengine ni mafundi wa waya kutoka Zimbabwe, tuliowataja. Wengine ni wanawake wa Kindebele kutoka jimbo la Mpumalanga. Hapo ndipo sisi tunaona habari yenyewe ilipo.

Wandebele wa Afrika Kusini wanajulikana duniani kwa vitu viwili: nyumba zilizochorwa maumbo ya rangi kali kwa mistari myeusi, na shanga. Kwao shanga husoma maisha ya mwanamke. Msichana aliyevuka unyago ana kibwaya chake cha mbele, cha pembe nne, kinachoitwa isiphephethu. Mwanamke aliyeolewa ana kingine, ijogolo, chenye ncha tano chini kama vidole. Mama ambaye mwanawe wa kiume amekwenda jandoni huvaa vipande viwili virefu vya shanga vinavyoning'inia kutoka kichwani hadi karibu na ardhi, na jina lake maana yake ni machozi marefu: analia kumpoteza mtoto, anafurahi kumpata mwanamume. Jirani akimwangalia tu, anajua yuko wapi katika maisha yake.

Watu hawa hawakuachwa wakae kwa raha. Mwaka 1883, baada ya miezi ya kuzingirwa mapangoni kwa njaa na baruti, walishindwa na Makaburu wa Transvaal. Mfalme wao Nyabela akafungwa, ardhi yao ikagawiwa, na familia zikatawanywa kwenye mashamba ya walowezi kufanya kazi kwa miaka mitano kama malipo ya kushindwa. Ni baada ya kutawanywa huko ndipo michoro ya ukutani na shanga vilipozidi kuwa alama ya kujitambulisha, njia ya kusema sisi bado tupo. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1986, serikali ya ubaguzi ilitaka kuwapa "uhuru" wa bandia katika eneo lililoitwa KwaNdebele, na wakaukataa kwa maandamano yaliyogharimu maisha. Kwa hiyo mwanamke wa huko anapotunga shanga za kulivalisha gari la polisi, na baadaye ndege ya vita, hafanyi kazi ya mbali naye.

Jambo jingine la pembeni, lakini linatugusa watu wa Afrika Mashariki. Shanga za kioo zilizotumika upande huu wa bara kwa sehemu kubwa si mali ya asili ya huku kama wengi wanavyodhani. Mapungubwe, mji wa kale ulioko kaskazini mwa Afrika Kusini, umefukuliwa na kukutwa shanga nyingi za kioo za karibu miaka 800 hadi 1,000 iliyopita. Zilivuka Bahari ya Hindi, zikapita katika biashara ya pwani ambayo baadaye Kilwa iliitawala, na kubadilishwa kwa dhahabu na pembe za ndovu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba shanga kama leo tunavyobeba noti, na kila eneo lilikuwa na rangi yake. Ukifika na rangi isiyopendwa huko, hununui hata chakula. Shanga hizo zililipia pembe, na wakati mwingine zililipia binadamu. Wanawake wa Kindebele na wa Kimasai walikipokea kitu hicho cha mgeni wakakigeuza lugha yao. Bunduki na ndege nazo zilikuja na wageni.

Turudi kwa msikilizaji wetu wa Kyaka. Kwa faida gani?

Zipo njia nyingine za kuizika silaha. Msumbiji, baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe kuisha mwaka 1992, Baraza la Makanisa lilianzisha mwaka 1995 mpango ulioongozwa na Askofu Dinis Sengulane. Uliyekuwa na bunduki uliileta, ukapewa jembe, baiskeli au cherehani. Bunduki zikakatwakatwa, na wasanii wakapewa vipande. Mmoja wao, Kester, alitengeneza mwaka 2001 kiti cha mabaki ya bunduki ambacho sasa kipo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Njia hiyo sisi tunaielewa upesi: bunduki imekufa, mtu amepata cherehani.

Ziman hakukata kitu. Ndege yake bado ni ndege, umbo lote lipo, pua, mabawa na mkia. Kuanzia Juni 2025 hadi Januari 2026 iliwekwa kwenye jumba la makumbusho ya ndege jijini Seattle, ambako ilizungukwa na ndege nyingine za kivita zilizobaki na rangi zao za jeshini. Hapo wapo wanaoona kasoro: silaha ikirembwa hivyo, mtoto anaipenda. Hoja hiyo hatuidharau. Mzee aliyetupigia simu hakuwa na hamu ya kuona MiG ikimeremeta. Upande wetu, tunaona kwamba rangi ya kijivu ya jeshi ilikusudiwa ndege isionekane mpaka iwe imekufikia. Shanga zimeiondolea hila hiyo. Haiwezi tena kujificha, na haiwezi tena kuruka.

Kuna kasoro nyingine ambayo sisi inatusumbua zaidi. Katika habari nyingi tulizosoma jina la Ziman lipo mstari wa kwanza, na wale zaidi ya mia moja wanatajwa kwa jumla tu: mafundi, wanawake wa Kindebele. Ni kweli wazo ni lake na gharama ni zake, na kazi ya miaka mitano imelisha nyumba nyingi. Esther Mahlangu, mama wa Kindebele aliyezaliwa mwaka 1935, alichora gari la BMW mwaka 1991 na jina lake likaenda na gari hilo popote lilipopelekwa. Kumbe inawezekana.

Jumamosi hii katika kipindi cha saa mbili usiku tutawaachia wazee nafasi. Kama unaikumbuka Oktoba 1978, ulikuwa wapi ndege zilipopita, mlijificha migombani au kwenye handaki, tupigie. Na akina mama mnaotunga shanga, tupigieni pia mtuambie: kipande cha ukubwa wa kanga, kwa mkono, kingewachukua siku ngapi, na mngetaka kulipwa shilingi ngapi?