Mizani ya Mtaalamu wa Mihogo

Mtu alaye muhogo wa kukaanga kwa chachandu katika mabanda ya Temeke, au kisamvu cha nazi nyumbani kwake Kinondoni, aghalabu hana habari kwamba huko Mikocheni ipo taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo asili yake ilikuwa kuendeleza minazi, kisha ikajitosa katika maradhi ya mihogo, na kwamba humo ndimo alimofanya kazi Dakta Joseph Ndunguru, mtaalamu wa vinasaba vya virusi vya mimea, ambaye baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Maradhi makubwa ya mihogo ni mawili. Batobato hukunja majani na kuyatia madoa ya manjano, basi hata mtoto aweza kulitambua. Lakini michirizi kahawia, iliyoelezwa na mtafiti H. H. Storey wa Amani, Usambara, mwaka 1936, ina hila, maana mti waweza kusimama na majani ya kupendeza ilhali muhogo wenyewe umekwisha kuoza udongoni. Yote mawili huenezwa na nzi weupe, na vile vile na pingili zenye virusi ambazo mkulima humpa jirani yake kwa wema.

Mwaka 2005 Ndunguru na wenzake wanne, miongoni mwao James Legg na Claude Fauquet, walitoa katika jarida la Virology Journal makala juu ya virusi vya batobato vya Tanzania. Walisoma vinasaba vyake herufi kwa herufi, wakakuta kwamba aina iliyodhaniwa kuwa ni ya Kameruni imeenea pia kusini mwa nchi yetu, ikilingana na ile ya huko kwa 92 kwa mia katika sehemu moja ya vinasaba na 84 kwa mia katika sehemu ya pili. Wala haikuwa mgeni wa juzi, bali dalili zilionyesha kuwa zote mbili zimetoka katika asili moja ya kale. Tena waliona jinsi virusi hivi vinavyobadilishana mapande ya vinasaba, wakathubutu kusema kwamba Afrika Mashariki huenda ikawa chimbuko la wingi wa aina zake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo uzito wa kazi ile, kwa kuwa dai la namna hiyo humlazimu kila atafitiye baada yake kulitaja, awe amekubali au amekataa.

Mwaka huo huo wa 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa California alibuni kipimo cha kumpima mwanachuoni kwa jinsi makala zake zinavyotajwa na wengine, ambacho leo kimetawala vyuo vikuu. Msingi wake ni faharasa ya marejeo aliyoianzisha Eugene Garfield mwaka 1964, na hesabu yake ni nyepesi: mwanachuoni mwenye makala 20 ambazo kila moja imetajwa na wengine mara 20 au zaidi hupewa alama 20, hata ikiwa moja kati yake imetajwa mara 1,000. Kipimo hiki hakina ubaya mradi kitumike mahali pake. Lakini watafiti wa mihogo ni wachache na wa saratani ni wengi mno, basi kuwapambanisha kwa alama hiyo ni kama kulihukumu duka la Mbagala kwa idadi ya wapita njia wa Kariakoo. Aidha, karatasi ya ushauri apewayo bwana shamba wa Mkuranga haimo katika faharasa yoyote.

Uzito ambao alama hiyo haiuonyeshi umo katika makala nyingine ya Ndunguru na wenzake, ya mwaka 2015, iliyochambua vinasaba kamili 12 vya virusi vya michirizi, ikatoa dalili kwamba spishi zake ni zaidi ya mbili zilizokuwa zikijulikana. Kwa msomaji wa kawaida hilo laonekana dogo. Kwa anayetengeneza vipimo vya maabara ni jambo zito, kwani kipimo kilichoundwa kwa spishi mbili chaweza kuipitisha pingili iliyobeba ya tatu, nayo ikapandwa kwa jina la mbegu safi. Ndiyo sababu Ndunguru, pamoja na mtafiti Laura Boykin na wataalamu wenziwe wa kanda hii, walichukua mashine ya kusomea vinasaba inayoshikika mkononi hadi mashambani, wakatangaza mwaka 2019 kwamba jibu limepatikana siku ile ile, chini ya mti. Ilhali awali sampuli zilisafirishwa ng'ambo zikangojewa miezi, na msimu wa kupanda ukapita.