Marando ya Jirani na Macho ya Mtoto

Mara nyingi mama akija kliniki tunamwuliza mtoto anaendeleaje, naye hujibu, "Hajambo, sista, ila jioni anakuwa mzembe." Tukidadisi tunaambiwa kwamba giza likianza kuingia mtoto hukaa mahali pamoja, hataki kucheza na wenzake, na akitumwa hujikwaa kwenye kinu na mafiga. Kumbe si uzembe. Mtoto huyo haoni. Mchana anaona vizuri, lakini mwanga ukipungua macho yake hushindwa, na hiyo ni dalili ya mapema kwamba mwili wake umepungukiwa na vitamini A.

Hatujamsahau mtoto mmoja wa miaka 3 aliyeletwa kwetu wiki chache baada ya kuugua surua. Jicho moja lilikuwa limekwisha kuwa jeupe kama ute wa yai la kuchemsha. Hilo hatukuweza kuliokoa. La pili lilipona. Mama yake alikuwa mtu wa bidii sana. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mipapai miwili, na matunda yake yote yaliuzwa stendi. Shambani alikuwa na viazi vitamu, na majani yake walipewa mbuzi. Hatumlaumu hata kidogo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba chakula cha kulinda macho ya mwanawe kilikuwa kikipita mlangoni kila siku kwenda sokoni na zizini.

Vitamini A huutunza utando wa jicho na ngozi laini ya ndani ya koo, mapafu na matumbo. Ikipungua, jicho hukauka, hupoteza mng'ao wake, na mwishowe kioo chake hupata kidonda na kutoboka. Mtoto pia hushikwa na kuhara na vichomi mara kwa mara. Surua huimaliza akiba ya vitamini hiyo upesi, ndiyo maana mtoto mwenye surua hupewa vitamini A hospitalini. Hapa Tanzania watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone yake mara mbili kwa mwaka, mwezi wa 6 na wa 12. Msiyakose. Lakini miezi iliyo katikati ni mirefu, na mtoto hula kila siku.

Basi, tuingie bustanini. Vitamini hii, au tuseme kitu ambacho mwili huigeuza kuwa vitamini hii, imo katika majani ya kijani kibichi kilichokolea: mchicha, matembele, majani ya maboga, kisamvu, mlonge. Imo pia katika matunda na mizizi yenye nyama ya rangi ya chungwa, kama papai bivu, embe bivu, boga na viazi lishe. Tazameni rangi ya ndani. Kiazi kitamu cheupe hushibisha, lakini kwa macho hakina msaada wowote wa maana. Kiazi lishe ni ndugu yake yule yule, hupandwa vile vile, ila ukikikata ndani ni cha rangi ya chungwa kama karoti. Kipande kimoja cha gramu 125 hivi, yaani kiazi kidogo tu, chaweza kutosha mahitaji ya siku nzima ya mtoto mdogo. Mwaka 2016 watafiti wanne, miongoni mwao Robert Mwanga wa Uganda na Maria Andrade, mzaliwa wa Cape Verde aliyefanya kazi miaka mingi Msumbiji, walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi ya kuongeza lishe katika mazao. Watatu kati yao walituzwa kwa ajili ya kiazi hiki. Wazee wetu hulalamika kwamba ni laini mno na hakina unga. Ni kweli, nasi tunapenda kiazi cha unga. Lakini ulaini huo ndio unaomfaa mtoto aliyetimiza miezi 6: unakiponda kwa kijiko, unatia mafuta kidogo au tui, basi. Mafuta msiyasahau, maana bila mafuta mwili huchukua sehemu ndogo tu ya vitamini hiyo.

Mama mmoja alikuja mbio akisema mwanawe ameshikwa na manjano kwa sababu ya viazi hivi. Viganja vya mtoto kweli vilikuwa vya njano, lakini weupe wa macho ulikuwa safi kabisa. Hiyo ni rangi ya chakula tu, haidhuru, hupotea yenyewe. Ugonjwa wa manjano huonekana machoni.

Uzuri wa kiazi ni kwamba hakidai fedha. Jirani akiwa na tuta moja, anaweza kuzigawia nyumba kumi marando. Katika jumuiya kadhaa za huku kwetu akina mama hufika na mafungu ya marando kwenye kikapu, wakapeana baada ya sala, na hakuna mradi wowote wa maendeleo tuliowahi kuuona ukienda haraka namna hiyo. Lakini magonjwa nayo husafiri kwa njia hiyo hiyo, na hapa tuungame kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tuligawa marando ya bustani iliyo nyuma ya nyumba ya wauguzi. Majani yake yalikuwa yamejikunja, madogo, yenye umanjano. Sisi tukadhani ni jua. Kilikuwa ni kirusi cha viazi, ambacho huenezwa na inzi weupe na wadudu mafuta. Walioyapanda walipata mizizi myembamba kama vidole, na baadhi yao waliviacha viazi lishe moja kwa moja wakisema ni mbegu mbaya. Ilituchukua muda mrefu kuwarudisha.

Kwa hiyo kata marando kwenye shina lenye afya kabisa tu, na lenye majani yaliyojikunja ling'oe. Chukua sehemu ya kuelekea nchani, urefu wa sentimita 30 hivi. Sehemu ya karibu na ardhi iache, kwa sababu humo fukusi hutaga mayai yake. Rando likikaa kivulini siku moja au mbili halina neno. Tengeneza tuta, fukia vifundo vyake karibu theluthi mbili, acha nafasi ya sentimita 30 kati ya shina na shina. Baada ya miezi 4 hivi utachimba, na matembele utakuwa umekwisha kuyala mapema, ila usilivue shina moja majani yote. Wakati wa kiangazi marando hukauka, na hapo ndipo wengi hupoteza mbegu. Panda tuta dogo mahali panapomwagwa maji ya kuogea. Au hifadhi viazi vizima, visivyo na matundu, ndani ya beseni la mchanga mkavu. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua vipande na kuvimwagilia, vitachipua marando ya kukutosha wewe na jirani.

Mipapai ni rahisi zaidi. Fukia mbegu, na miche ikitoa maua ondoa midume, ubakize mmoja wa kuchavusha. Mlonge hushika kwa kijiti, na majani yake ni mazuri sana yakikaushwa kivulini, si juani. Wanaosema kwamba unaponya kila ugonjwa wanauza kitu. Mizizi yake na magamba yake yana sumu, mjamzito asiviguse.

Hapo twafikia jambo linalotusumbua kuliko yote. Mtu hupewa mche bila kuambiwa unaliwaje. Pingili za muhogo hupita mkono kwa mkono, na anayepokea huenda asijue kama ni mtamu au mchungu. Muhogo mchungu usiotayarishwa vema, ukiliwa wiki nyingi na familia isiyo na maharage wala samaki, huleta ugonjwa uitwao konzo: miguu yote miwili hukakamaa ghafla, na haiponi. Wanaopatwa zaidi ni watoto na akina mama. Ulitokea Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na wilayani Tarime mwaka 1985, miaka ya ukame na njaa. Kuukausha juani tu kuwa makopa hakutoshi. Umenye, uuloweke siku 3 au 4 mpaka ulainike, ndipo uuanike. Kisamvu nacho kisikatwekatwe tu na kutiwa chunguni. Kitwangwe kinuni mpaka kilainike kabisa, kisha kichemke kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi, ili sumu itoke na mvuke. Karanga au tui litiwe mwishoni.

Na ukiombwa miti ya kuzungushia ua, usitoe mbono kaburi wala mnyaa kwenye nyumba yenye watoto wadogo. Mbegu za mbono kaburi zina ladha kama ya karanga, na watoto huzila kwa pamoja wakicheza, kisha wote wanatapika na kuhara. Msiwatapishe, waleteni hospitali upesi, na mbegu moja mkononi ili tuitambue. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, osheni kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 nzima, mtoto alie asilie, ndipo mfunge safari.