Je, Wajua? Saa ya Simu Darajani Rusumo

…kwamba simu inaweza kukurudisha nyuma saa nzima hujavuka hata mpaka? Saa nne asubuhi kwetu, Rwanda ni saa tatu. Ukiwa Rusumo, simu ikidaka mnara wa ng'ambo ya Mto Kagera na umeiacha ijipangie saa yenyewe, inahamia Kigali peke yake. Hiace ya Benaco inaondoka kwa saa ya Tanzania. Zima mpangilio huo, na data ya ng'ambo uizime pia, isije ikala salio.

…kwamba hapa hata magari hubadili upande? Tanzania tunapita kushoto, Rwanda kulia. Aliyeinamia simu haoni.

…kwamba daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha vilizinduliwa Aprili 2016 na Marais Magufuli na Kagame? Siku hizi mihuri ya nchi zote mbili inagongwa kwenye jengo moja.

…kwamba kuruka video hadi video kunazidisha kuboeka? Mwaka 2024 Katy Tam na Michael Inzlicht wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha majaribio saba yaliyohusisha watu zaidi ya 1,200. Washiriki waliamini kwamba wakirukaruka hawataboeka. Ikawa kinyume: waliotulia na video moja hadi mwisho ndio walioifurahia zaidi. Kwa hiyo ukiwa nyuma ya foleni ya malori, chagua mechi moja uimalize. Kidole kipumzike.

…kwamba mwaka 2014 Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwaomba abiria wa treni Chicago waongee na jirani wasiyemjua? Wengi walidhani ingekuwa adha. Walioongea wakashuka wakiwa na furaha kuliko waliokaa kimya. Ndani ya Hiace, goti lako likiwa kwenye goti la mwenzio, utafiti huo ulishafanyika zamani: shikamoo moja kwa bibi mwenye mkungu wa ndizi, na unafika Ngara mjini unajua bei za soko zima.

…kwamba kabla ya simu dawa ya kuboeka safarini ilikuwa kitabu? W. H. Smith walifungua duka lao la vitabu kituo cha treni cha Euston, London, mwaka 1848.

…kwamba wapo wanaoona heri maumivu kuliko kuboeka? Mwaka 2014 Timothy Wilson na wenzake, Chuo Kikuu cha Virginia, waliwaacha watu dakika 15 na mawazo yao tu, pamoja na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Wanaume 12 kati ya 18 walikibonyeza, wanawake 6 kati ya 24. Mwanamume mmoja alijipiga mara 190. Kwenye kukokotoa wastani, ikabidi aachwe nje.