Mombasa hadi Nairobi kwa Gari la Umeme: Piga Hesabu kwa Uniti

"Linakwenda kilomita ngapi kwa chaji moja?" Muuzaji wa magari ya umeme huulizwa swali hilo kabla hata ya bei, na jibu lake limekwisha kuandikwa kwenye karatasi ya matangazo: 400, 420, 450. Mnunuzi anakumbuka kwamba kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 485 hivi, anaona pengo ni dogo, anajipa moyo kwamba atachaji kidogo njiani, anaondoka. Akifika Mtito Andei, ambako ni nusu ya njia tu, betri imebaki asilimia 12 na hajui nani aliyeila.

Gari halikumdanganya. Takwimu ya kiwandani hupatikana maabara, gari likizungusha magurudumu juu ya rola, katika joto la wastani, bila mlima, bila upepo wa mbele, bila mizigo ya wageni wa harusi. Barabara ina hesabu zake, na hesabu hizo haziandikwi kwa kilomita. Zinaandikwa kwa uniti, zilezile tunazonunua kwa tokeni ya Kenya Power au LUKU ya TANESCO. Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Mtu anayejua kwa nini uniti za nyumbani huisha upesi wiki ya kupiga pasi sare za watoto ana elimu ya kutosha kupanga safari hii. Anachohitaji ni kujua nani atakula uniti hizo, na kwa kiasi gani.

Nguvu ya lita saba

Tuchukue gari la kawaida lenye betri ya uniti 60. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban uniti 9. Maana yake betri yote hiyo, yenye uzito wa mamia ya kilo, imebeba nishati isiyofika ya lita saba za petroli. Lakini kwa lita saba hizo gari la umeme linapita kilomita 300 na zaidi, kwa sababu mota yake hugeuza karibu asilimia 90 ya umeme kuwa mwendo. Injini ya petroli hugeuza robo hadi theluthi tu. Kilichobaki hutoka kama joto kwenye ekzosi na rejeta.

Uhodari huo una upande wa pili. Injini ya petroli hupoteza nishati nyingi kiasi kwamba dereva hatambui upepo wala mlima umemlia kiasi gani. Kwenye gari la umeme hakuna pa kuficha: kila kinachoongezeka juu ya barabara kinaonekana mara moja kwenye kioo cha dereva. Ndiyo maana wageni wa magari haya hulalamika kwamba "yanakula ovyo", wakati kwa kweli yanasema tu ukweli ambao gari la zamani lilinyamazia.

Mlima usioonekana

Anayetoka Mombasa haoni mlima. Anapita Mariakani, Taru, Mackinnon Road na Maungu, na barabara inaonekana tambarare machoni. Hata hivyo, kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi amepanda mita zaidi ya 1,600. Gari la tani mbili, abiria na mizigo wakiwamo, huhitaji uniti 9 kunyanyuliwa kimo hicho. Ukiongeza zinazopotea kwenye mota na vifaa vyake, betri hutoa 10.

Ukirudi Mombasa, mlima huohuo unakulipa. Wengi hudhani malipo hayo ni umeme unaorudi kwenye betri dereva anapofunga breki. Katika barabara hii sivyo hasa. Mteremko wake ni mpole mno, kwa wastani mita tatu na nusu kwa kila kilomita, hauwezi kulisukuma gari likajiendea lenyewe. Unachofanya ni kuipunguzia mota kazi. Na hilo ni bora zaidi, kwa sababu uniti ambayo haikutoka kabisa haipotezi kitu, ilhali inayotoka ikarudi hupungua kila mara. Anayetaka kuona umeme ukirudi aende Kitonga, kwenye barabara ya Iringa na Morogoro. Akiachia mguu kwenye kona za mteremko ule, mota inageuka jenereta, asilimia za betri zinapanda, na breki zinafika chini bila kunuka moto.

Kwa hiyo safari ya kupanda na ya kushuka kati ya miji yetu miwili hutofautiana kwa uniti kama 20. Hizo ni zaidi ya kilomita 100 za mwendo. Takwimu ya kiwandani haina habari nazo.

Upepo na kiyoyozi

Mlaji mkubwa kuliko mlima ni hewa. Upinzani wake hupanda kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 90 kwa saa ukaenda 110, hewa inakusukuma nyuma kwa nguvu iliyozidi kwa karibu nusu. Gari letu la mfano hula uniti 17 kwa kila kilomita 100 kwenye mwendo wa 90, na 21 hivi kwenye 110. Kwa njia nzima hiyo ni nyongeza ya uniti karibu 20. Je, umeokoa muda? Hata kama barabara ingekuwa tupu, ungetangulia kwa dakika zisizofika 60. Kuzirudisha uniti 20 kwa chaja ya kilowati 7 kunachukua karibu saa tatu. Kwa chaja ya kasi, kiasi cha nusu saa. Na barabara ya Mombasa si tupu: una msururu wa malori ya kontena mbele yako, utakimbia na kufunga breki, utakimbia na kufunga breki. Mizigo ukiifunga kwenye keria juu ya paa, hewa inapata pa kushika zaidi. Iingize ndani au iache.

Kiyoyozi ni mlaji wa aina nyingine. Hakijali kilomita, kinajali saa. Katika joto la Pwani hula uniti moja hadi moja na nusu kwa saa, sawa na 9 hivi kwa safari ya saa saba. Hapo ndipo hofu ya foleni inapokosa msingi. Gari la umeme likisimama, mota haili kitu. Kukwama Mlolongo kwa saa nzima na kiyoyozi kikiwa kimewashwa kutakugharimu uniti moja na ushee tu.

Hesabu ya njia

Sasa tujumlishe, kwa mwendo wa 90. Mombasa hadi Voi ni kilomita 160: mwendo uniti 27, mlima 3 na nusu, kiyoyozi 3, jumla 34 kwa kukadiria. Voi hadi Mtito Andei, kilomita 95 kati ya mbuga mbili za Tsavo, unashuka kuelekea mto kisha unapanda tena: 19. Mtito Andei hadi Nairobi, kilomita 230: mwendo 39, mlima 5 na nusu, kiyoyozi 4, karibu 49. Jumla ya njia ni uniti 102.

Umeondoka na 60, na si busara kuingia Nairobi chini ya 8. Kwa hiyo barabara inakudai uniti 50. Ukipata 20 Voi na 30 Mtito Andei, umefika. Lakini tazama vizuri hatua ya mwisho. Wasafiri wengi wakishafika Mtito Andei huona wamemaliza kazi, kumbe zaidi ya nusu ya mlima iko mbele yao na hatua hiyo peke yake inataka betri iliyojaa kwa asilimia 95. Mwenye busara ama atatafuta kituo cha tatu pande za Emali, ama atashusha mwendo hadi 80 na kuokoa uniti kama nne.

Wakati wa kurudi, hatua hiyohiyo ya Nairobi hadi Mtito Andei hula 38 badala ya 49. Barabara ni ileile, gari ni lilelile, dereva ni yuleyule.

Betri hujaa kama matatu

Abiria wa kwanza hukaa wanapotaka. Wa mwisho hutafutiwa nafasi, wanasogezwa, wanabanwa. Ndivyo umeme unavyoingia kwenye betri. Kutoka asilimia 20 hadi 80 kwa chaja ya kilowati 50, gari letu hupokea uniti 36 kwa dakika 45 hivi. Asilimia 20 zilizobaki zinaweza kuchukua muda uleule, kwa sababu kompyuta ya gari hupunguza mkondo ili isiumize betri. Kwa hiyo njiani chaji hadi 80 uondoke. Asilimia 100 ziache kwa usiku, hotelini, ambako chaja ya kilowati 7 itakujazia uniti 56 kwa saa nane ukiwa umelala.

Kabla ya kuondoka, jua tundu la gari lako. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya huja na CCS2, mengi ya Japani CHAdeMO, na yaliyotengenezwa kwa soko la China GB/T. Plagi hizi haziingiliani. Programu kama PlugShare itakuonyesha vituo na aina ya plagi, lakini piga simu pia: kituo kuwepo kwenye ramani ni jambo moja, na kuwa na umeme leo ni jambo jingine. Mwezi Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi. Aliyekuwa na asilimia 40 aliendelea na safari. Aliyekuwa na asilimia 6 alilala alipofikia.

Wenye Nissan Leaf zilizotumika, ambazo ni nyingi katika mitaa yetu, wana neno lao la peke yao. Betri ya gari hilo haipozwi kwa maji. Ukilichaji kwa kasi mara mbili au tatu siku moja kwenye joto la Pwani, litapunguza lenyewe kasi ya kupokea umeme, na kituo kilichoahidi dakika 40 kitakuweka saa nzima na zaidi. Kwa Leaf ya uniti 40, ambayo imekwisha kuzeeka kidogo, safari hii ni ya siku mbili. Igawe hivyo tangu mwanzo, ulale Voi, na hutakuwa na ugomvi na mtu.

Soketi ya hoteli

Pasipo chaja, kuna soketi ya ukutani. Hutoa kilowati mbili na kitu: kwa usiku wa saa kumi, uniti 23. Si haba. Lakini soketi hiyo ilifungwa kwa ajili ya birika na pasi, vitu vya dakika chache, wala si mkondo wa amperi 10 usiokatika hadi alfajiri.

Muulize mwenyeji kama soketi ina waya wa ethi. Magari mengi hukataa kuchaji bila huo. Usitumie ekstensheni nyembamba, na kama ni ya kwenye gurudumu, ikunjue yote, maana waya uliojiviringa hujipasha moto wenyewe. Baada ya nusu saa, rudi ukaiguse plagi kwa mgongo wa vidole. Ikiwa vuguvugu, nenda kalale. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, simamisha kuchaji kutoka garini, kisha ushushe amperi kutoka 10 hadi 8 au 6 kwenye mipangilio. Utapata uniti pungufu, lakini ukuta wa watu utaamka mzima. Na malipo yasiwe ya kukisia: someni mita pamoja kabla na baada, umlipe kwa uniti.

Deni la uniti 50

Mwaka 2023 mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri, iliyo nafuu zaidi usiku. Hilo liliondoa sehemu ya gharama kwa mwenye kituo. Lililobaki ni mahali pa kuchomeka. Mabasi na magari ya familia husimama Voi na Mtito Andei tangu zamani ili watu wale, waswali, wanyooshe miguu. Muda huo wa chakula, mbele ya chaja ya kilowati 50, unatosha kuingiza uniti 30 bila abiria kusubiri hata dakika moja ya ziada. Hoteli yenye umeme wa fezi tatu inaweza kuanza na chaja mbili za kilowati 7 kwa wageni wanaolala, kisha ikaongeza ya kasi magari yakizoea.

Ndiyo maana sioni sababu ya kusubiri gari la kilomita 800 kwa chaji moja. Betri kubwa hivyo ni mzigo wa fedha na wa kilo ambao mwenyewe atautumia siku chache kwa mwaka na kuubeba mjini siku zote zilizobaki. Deni la barabara hii ni uniti 50 kwa kila gari. Chaja za kasi mbili Mtito Andei na moja Emali zinalilipa, kwa bei iliyo chini sana ya kumwongezea kila dereva betri asiyoihitaji.